Ng'ombe Hanunuliwi kwa Maziwa ya Jana



Wale mliozoea kutukuta katika ukurasa huu tukizungumza habari za homa za watoto, chanjo na uji wa lishe, mtatusamehe mwezi huu. Tunataka kuwasimulia habari ya mtihani. Si mtihani wa watoto, bali wa mama mwenzetu wa hapa Rudewa, mke wa mwalimu na mama wa watoto wawili, ambaye kwa muda mrefu sasa amekuwa akija kusoma kwenye meza yetu ya chakula. Jina lake tunaliacha, maana hakutuomba tumtangaze. Sisi humwita mdogo wetu. Watoto wa jirani wamekwisha kumpa jina la Mhasibu, ingawa mwenyewe akilisikia husema tu, "Bado."

Mdogo wetu alisoma shahada ya uhasibu pale Mzumbe kabla ya kuolewa. Kisha akaolewa, akazaa, akamfuata mumewe huku alikopangiwa shule, akapata kazi ya kutunza vitabu vya hesabu vya chama kimoja cha wakulima wa mpunga. Shahada anayo, lakini ili mtu aandikishwe kuwa mhasibu kamili, mwenye ile CPA inayotajwa katika matangazo ya kazi, lazima afaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mitihani yake hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Masomo mengine alishayamaliza, mengine akiwa mjamzito, mengine akinyonyesha. Likabaki somo moja, la fedha; na ndani ya somo hilo jambo moja lililomtesa kuliko yote, nalo ni jinsi ya kupima thamani ya hisa.

Novemba ya mwaka jana alianguka. Mei ya mwaka huu alirudia, akaanguka tena.

Akina mama, tunajua ninyi mnafahamu uzito wa maneno hayo. Mtihani una ada. Una nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, una mahali pa kulala siku hizo, una vitabu ambavyo kimoja chaweza kula nusu ya mshahara wa mwezi. Mumewe si mtu mbaya, la hasha. Ndiye aliyekuwa akiwaogesha watoto jioni ili mkewe aje kwetu. Lakini matokeo ya Mei yalipotoka alimwuliza kwa sauti ya chini, "Mama watoto, hesabu hizi zitatuletea unga lini?" Mdogo wetu alitusimulia hayo huku akikunja khanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena. Alikuwa ameamua kuacha.

Tulimwambia asiamue jambo lolote siku ya kilio. Aje Jumatatu kama kawaida, na safari hii asisome peke yake. Sisi tutashika karatasi ya majibu, yeye atatueleza swali kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kama tunavyomweleza mama namna ya kumpa mtoto dawa nyumbani. Katika kazi yetu ya uuguzi tumejifunza kwamba mama akisema "nimeelewa" hujui kitu. Akikurudishia maelekezo kwa maneno yake mwenyewe, ndipo utajua kama ameelewa au amekuitikia tu. Mitihani ile huandikwa kwa Kiingereza. Mdogo wetu alikuwa amekariri kanuni kwa Kiingereza, tena vizuri, lakini hakuwa amewahi kuzisema katika lugha anayoitumia kuulizia bei ya nyanya.

Basi tukaanza. Mezani tulikuwa watatu: yeye, sisi, na mama mkwe wetu, ambaye wote humwita Bibi. Bibi hajui kusoma sana. Alifanya kazi miaka mingi katika mkonge, akikata na baadaye akianika singa, na jioni hukaa hapo akichambua mchele kwa kuwa taa yetu ya sola ndiyo yenye mwanga mzuri.

Usiku wa kwanza mdogo wetu alitueleza kwamba shilingi ya leo si sawa na shilingi ya mwakani. Hilo halikuhitaji shahada. Kila mama aliyekopesha jirani analijua. Lakini wahasibu hulipima. Ukitaka faida ya asilimia 12 kwa mwaka, basi shilingi 100,000 utakayolipwa baada ya mwaka mmoja ni sawa na kama shilingi 89,286 mkononi leo. Ikicheleweshwa miaka miwili, ni kama 79,719. Ikifika miaka mitatu, 71,178. Tukamwuliza kwa nini inapungua hivyo. Akasema, "Kwa sababu ungekuwa nayo leo ungeizalisha, dada." Tukamwekea alama ya vema.

Usiku wa pili tulimpa mfano wa hapa hapa kwetu. Rudewa ni nchi ya mkonge tangu zamani, na Bibi anaujua kama tunavyojua sisi sindano. Mkonge ukiupanda hukai mwaka mmoja ukavuna. Hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, kisha huendelea kukatwa mwaka baada ya mwaka, hadi siku unapotoa mlingoti. Ukishatoa mlingoti, umemaliza. Mmea huo hufa, nawe hupanda upya. Tukamwambia mdogo wetu: tuseme pana mashamba mawili, na kila moja mwaka huu litamwachia mwenyewe shilingi 300,000 baada ya kulipa wakataji na usafiri. Yanalingana?

Akataka kusema ndiyo. Bibi akacheka. "Moja changa, moja limekaribia milingoti," akasema. "Utayanunua bei moja, mwanangu?"

Mdogo wetu alichukua kalkuleta. Shamba changa, likikatwa miaka minane, lina thamani ya leo ya kama shilingi 1,490,000 kwa ile asilimia 12. Shamba zee, lililobakiza miaka miwili, ni kama 507,000. Mavuno ya mwaka huu ni yale yale, majani yale yale, hata mpita njia hataona tofauti. Akakaa kimya akizitazama hizo tarakimu mbili. Kisha akasema jambo ambalo sisi tuliliandika nyuma ya kalenda: kwamba miaka yote alidhani hisa hupimwa kwa kutazama faida ya mwaka, kumbe unapima yote yatakayokuja, yaliyo karibu na yaliyo mbali, kisha unayapunguza yale ya mbali kwa kuwa ni ya mbali.

Na hisa ni nini? Ni kipande cha kampuni. Ukinunua hisa moja umenunua haki ya kupata sehemu ya faida kila kampuni inapoamua kuigawa. Hiyo huitwa gawio. Hisa ya kampuni nzuri haitoi mlingoti upesi, kwa hiyo wahasibu huihesabu kana kwamba gawio litaendelea daima na kukua kidogo kidogo. Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua gawio lijalo. Chukua asilimia ya faida unayoitaka, toa asilimia ambayo gawio linakua kila mwaka. Gawanya. Ndiyo yote. Mwanamke aliyegawa kilo ya sukari kwa wiki nzima hashindwi na hesabu hiyo.

Lakini hapo ndipo mdogo wetu alipokuwa akianguka kila mara. Swali la mazoezi lilisema kampuni imelipa gawio la shilingi 40, gawio linakua kwa asilimia 5, na mwenye fedha anataka asilimia 15. Yeye alitoa 5 kwenye 15, akapata 10. Akagawa 40 kwa asilimia 10, akapata shilingi 400. Karatasi ya majibu tuliyoishika sisi ilisema 420. Akarudia, 400. Akapima kalkuleta kama betri zimechoka. 400. Usiku wa pili yake, 400. Sisi hatukuweza kumsaidia, kwa kuwa tulijua jibu bila kujua njia, na hakuna ujuzi usiofaa kama huo.

Usiku wa tatu Bibi aliacha mchele. "Hebu niambie kwa Kiswahili," akasema. "Hiyo arobaini ni ya lini?"

"Imekwisha kulipwa, Bibi. Ya mwaka huu."

"Nani kaipata?"

"Wenye hisa waliokuwapo."

"Sasa wewe unayenunua leo, inakuhusu nini? Ng'ombe hanunuliwi kwa maziwa ya jana, mwanangu. Hayo yamekwisha kunywewa."

Mdogo wetu aliweka kalamu chini. Gawio lijalo, siyo lililolipwa. 40 ikikua kwa asilimia 5 ni 42. 42 ukigawa kwa asilimia 10 ni 420. Alama alizopoteza Novemba, na tunaamini nyingine za Mei, zilikuwa zimekaa katika neno moja dogo la Kiingereza ambalo alilipita mbio kila mara: kampuni "imelipa", siyo "italipa". Alicheka mpaka mtoto akaamka. Halafu akalia kidogo.

Tungeweza kuishia hapa, ikawa habari nzuri ya kujisomea. Lakini Agosti mambo yakatoka mezani yakaingia katika fedha zetu wenyewe.

Tuna kikoba cha akina mama, na baada ya mavuno ya mpunga tulikivunja kama kila mwaka. Safari hii wenzetu wengi walitaka tusigawane zote. Shilingi milioni mbili zibaki, zifanye kazi ya pamoja. Mwenzetu mmoja ana kaka yake Dar es Salaam, na kaka huyo alikuwa amempigia simu kumweleza habari ya kampuni moja iliyo katika Soko la Hisa. Jina la kampuni tunaliacha, na tarakimu tumezilainisha. Miezi sita kabla, hisa moja ilikuwa shilingi 600; sasa 900. "Tukichelewa mwezi mmoja tutaikuta 1,200," akasema. Akina mama walishangilia. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, na macho yote yakamgeukia mdogo wetu, maana habari za masomo yake hazikuwa siri.

Aliomba wiki moja. Wengine walinung'unika.

Kwanza, kwa wale ambao mambo haya ni mageni. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi Aprili 1998, na kampuni ya kwanza ilikuwa TOL, watengenezaji wa gesi kama ile ya oksijeni. Bia za TBL zikafuata mwaka huo huo. Siku hizi huhitaji kwenda Dar es Salaam. Unaweza kumtumia dalali wa soko aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au kununua kwa simu kwa mpango wa soko wenyewe uitwao Hisa Kiganjani. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla ya kukufikia. Ni biashara halali, si kamari. Lakini bei hupanda na kushuka. Hisa za CRDB ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150 mwaka 2009. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, zilikuwa chini ya hapo. Aliyekata tamaa akauza, alipata hasara. Mwaka 2024 zilipita shilingi 600. Hisa za Vodacom nazo ziliuzwa kwa umma kwa 850 mwaka 2017, na baadaye bei ikashuka chini ya hiyo. Sisi wauguzi tungesema hivi: mtoto humjui afya yake kwa kumpima uzito siku moja. Unataka kadi, na mstari wake wote.

Na mdogo wetu ndicho alichokitafuta, kadi. Kampuni zilizo sokoni hulazimika kutangaza hesabu zake, kwa hiyo alizipata. Gawio la miaka mitano lilikuwa 50, 52, 52, 56 na 60. Ukuaji wake, ukiupiga wastani, ni chini kidogo ya asilimia 5 kwa mwaka. Kisha akauliza sisi tunataka faida gani. Hapo pia alitueleza vizuri: Serikali ikikopa kwa muda mrefu kwa hatifungani, imewahi kulipa asilimia 12 na ushei, na Serikali haifungi duka. Kampuni inaweza kufunga. Kwa hiyo anayechukua hatari ya kampuni atake zaidi; tuseme 15.

Jumamosi alisimama mbele yetu chini ya mwembe na ubao alioazima shuleni kwa mumewe. Gawio lililolipwa, 60. Lijalo, 63. (Hapo alitutupia jicho, nasi tukamtupia Bibi.) Gawanya kwa asilimia 10. Shilingi 630.

"Inauzwa 900," akasema mwenzetu yule.

"Ndiyo, dada. Lazima tuulize anayelipa 900 anaamini nini."

Akafuta ubao, akaandika upya. Ukisema gawio litakua kwa asilimia 8 badala ya 5, thamani inakuwa kama shilingi 926. Hapo 900 ni bei nzuri! Ukisema litakua kwa asilimia 10, thamani inaruka hadi 1,320. Tazameni jinsi ilivyo, akasema. Kutoka 5 hadi 10 ni vidole vitano tu, lakini thamani imezidi mara mbili. Kalkuleta haikukosea popote. Kilichobadilika ni tumaini letu. Anayenunua kwa 900 anaamini kwamba kampuni hii, ambayo kwa miaka mitano imekua kwa chini ya 5, sasa itakua kwa karibu 8, tena si mwaka huu tu, bali daima.

"Daima?" akauliza Bibi kutoka nyuma. "Nani anaijua daima isipokuwa Mungu?"

Watu walicheka, lakini mwenzetu yule hakucheka. Alisema kusoma kumemtia mdogo wetu woga, kwamba mwanamke akianza kuhesabu kila kitu hafanyi kitu, na kwamba kaka yake yuko Dar es Salaam anakoyaona mambo kwa macho. Tutakuwa wakweli: maneno yake yalikuwa na uzito wake. Kanuni ile ina udhaifu. Haijui kama kampuni inajenga kiwanda kipya, haimjui meneja mpya, na kampuni isiyogawa gawio kabisa kwa sasa itaonekana haina thamani wakati pengine inazo mali na mipango. Mdogo wetu aliyakubali yote hayo mbele ya watu. Alisema, "Sisemi bei itashuka, dada. Huenda ikapanda hata kesho. Nasema sijui kwa nini imepanda, na fedha hizi si zangu."

Hapo mama mmoja mtu mzima akakumbusha habari ya DECI. Wengi wenu mnaikumbuka, mwaka 2009: watu "walipanda mbegu" za fedha na kuahidiwa kuvuna maradufu, wakajaa wengi, wakiwamo waumini wa makanisa, hadi Serikali ikaisimamisha na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Mwenzetu akakasirika, akasema hisa si DECI. Na ni kweli kabisa, mdogo wetu alimwunga mkono papo hapo. Katika hisa ng'ombe yupo, anaonekana, hesabu zake zimekaguliwa. Swali ni bei yake tu. Katika upatu ule ng'ombe hakuwapo, mlikuwa mnakunywa maziwa yaliyochangwa na aliyekuja nyuma yenu. Akina mama, shikeni tofauti hiyo. Mtu akija na neno "hisa" mdomoni, mwulizeni kampuni inauza nini, inapata faida kiasi gani, na hesabu zake ziko wapi. Akijibu kwa habari za watu waliotajirika, mwageni kwa heshima.

Tulipiga kura. Kikoba hakikununua. Fedha zilikopeshwa kwa wanachama kwa ajili ya pembejeo, nazo zinarudi, ingawa kwa mmoja wetu zinarudi kwa kuvutwa. Mwenzetu yule alinunua hisa 100 kwa fedha zake mwenyewe, na ni haki yake. Bei ilipanda hadi 960, tukamwona akitembea kwa madaha; sasa ni 880, na ametulia. Bado anazo. Gawio likija kama la mwaka uliopita, atapokea shilingi 5,700 baada ya kodi. Yeye na mdogo wetu walinuniana wiki mbili, kisha mtoto wa mwenzetu akaugua malaria na mdogo wetu ndiye aliyemleta zahanati kwa baiskeli usiku. Yakaishia hapo.

Kwetu sisi jambo lililotugusa zaidi lilitokea nyumbani kwao jioni ya siku ile ya ubao. Mumewe alikuwa amesimama nyuma ya watu akisubiri kuurudisha ubao shuleni, naye alisikia yote. Walipofika nyumbani akamwambia, "Lile swali langu la unga. Nalo lina kanuni yake?" Wakakaa wakalipigia hesabu, mume na mke, kwenye daftari la maandalio ya masomo. Ada na nauli na vitabu, hayo yaliyokwisha kulipwa, wakayaweka kando. Maziwa ya jana. Wakahesabu yaliyobaki: mtihani mmoja, safari moja. Upande wa pili wakaweka nyongeza ya mshahara ambayo mhasibu kamili anaweza kuipata, wakaipunguza kwa kuwa ni ya mbali, wakaipunguza tena kwa kuwa si hakika. Hata walipoweka nafasi ya kufaulu kuwa moja kwa mbili, bado ilifaa kujaribu. Tunakiri hatukuwahi kufikiri kwamba ndoa mbili tatu tunazozijua zingeweza kusaidiwa na hesabu hiyo, ya kutofautisha gharama iliyokwisha kupita na ile iliyo mbele, badala ya kulaumiana kila siku kwa fedha zilizokwisha kuliwa.

Kuanzia hapo mume ndiye aliyeshika karatasi ya majibu. Sisi tulistaafishwa. Kiingereza chake ni kizuri kuliko chetu, ila Bibi alilalamika kwamba anamsomea mkewe haraka mno, kama anaita majina darasani.

Novemba ilifika. Mdogo wetu aliondoka Rudewa alfajiri kwa basi la Dumila, akafika Morogoro, akapanda treni hadi Dar es Salaam, akalala kwa shangazi yake. Alimwacha mtoto mdogo na mafua, na tulimkataza kupiga simu kila saa. Tulimpa kalkuleta yetu iwe ya akiba. Mumewe alimwekea betri mpya katika ile ya kwake, na nyingine mbili mfukoni.

Alirudi jioni ya siku ya tatu. Majibu bado hayajatoka wakati tunaandika haya, hivyo msituulize. Tulikwenda kumpokea stendi, sisi na Bibi na mumewe aliyekuwa na mtoto begani. Alishuka amechoka, vumbi hadi kwenye nyusi, akatushika mkono kabla hata ya kumpokea mwanawe.

"Dada," akasema, "walitupa lililokwisha kulipwa. Nilizidisha kwanza."

Bibi alitaka kujua ng'ombe wao amefika bei gani.

"Shilingi 756, Bibi."

"Ghali," akasema Bibi, akachukua begi lake, tukaanza kutembea.